Mvamizi wa Kwanza wa Eneo Namba Tisa

Katika nchi ninayoisimulia, ambayo jina lake nimelisahau kwa makusudi, ardhi ilikwisha kugawanywa zamani. Waliopata walipata, na waliokosa waliambiwa wavumilie. Misitu nayo ikagawanywa, na maziwa, na hata mchanga wa mtoni. Kikabaki kitu kimoja tu ambacho hakuna mkubwa aliyekuwa amekipigia uzio, nacho ni anga. Ndipo ikaundwa Idara ya Maeneo Maalumu ya Anga, na wananchi wakashangilia, maana walikuwa wamezoea kushangilia.

Eneo Namba Moja lilikuwa juu ya Ikulu, na hapo hakuna mwenye akili zake aliyelalamika. Namba Mbili lilikuwa juu ya ghala la baruti, nalo likaeleweka. Mambo yalianza kuchachuka kwenye Namba Tatu, lililofungwa juu ya bata mzinga wa Waziri wa Anga. Wataalamu walikaa mwezi mzima katika banda la ndege hao, wakagundua kwamba bata mzinga akisikia injini hutaga yai lisilo na ganda, na kwamba yai lisilo na ganda ni tishio kwa usalama wa taifa. Namba Nne lilikuwa juu ya ziwa ambalo Rais aliwahi kulitazama akawaza kwa kina, na ilihofiwa kuwa mawazo mengine bado yanaelea pale. Namba Sita halikuwa juu ya kitu chochote. Liliwekwa ili Namba Tano na Namba Saba yasiachane.

Maeneo hayo yalikuwa ya aina tatu. Kulikuwa na ya marufuku, ambayo hupiti hata ukifa. Kulikuwa na ya tahadhari, ambayo unapita ukitaka, ila ukifa usije ukalalamika. Na kulikuwa na ya zuio, ambayo ndiyo yenye kazi. Siku moja eneo la zuio huwa moto, yaani jeshi lina shughuli zake humo na raia hapiti. Siku nyingine huwa baridi, na unapita kama unavyopita sebuleni kwako. Rubani atajuaje? Hapigi ramli. Anapiga simu Idarani asubuhi ya safari.

Kanuni ya Kumi na Saba ilieleza simu hiyo ipigwe vipi. Kwanza salamu, kwani anayeuliza habari za anga bila salamu atahesabiwa kuwa hakupiga. Kisha rubani aulize: "Eneo limeamkaje?" Ofisa wa zamu akijibu "Limeamka baridi," hana budi kutaja namba ya kibali yenye tarakimu tisa, na rubani aiandike. Bila tarakimu zile tisa hujapewa ruhusa. Umepiga soga tu.

Hakuna mtu nchini aliyezijua kanuni hizo kama Akilimali Sengo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza pampu za visima, lakini moyo wake ulikuwa juu. Alikuwa na ndege ndogo nyeupe ya viti vinne, aliyoachiwa na wamisionari waliorudi kwao, na kwa miaka kumi na tisa aliirusha bila kuvunja kanuni hata moja. Siku mbili kabla ya safari alitandaza ramani mezani, akaikandamiza pembe zake kwa chupa ya chumvi na vikopo vya maharage, akachora njia kwa penseli, akafuta, akachora tena. Alisoma matangazo yote ya Idara, hata yale ya kuomboleza wakurugenzi. Alihesabu mafuta ya kwenda, ya kurudi, na ya kuzunguka mtu akimkatalia kupita. Majirani walimcheka kwamba hata kuvuka barabara kwenda dukani huchora kwanza, naye hakukanusha.

*

Akilimali alikuwa Mlunde, na rafiki yake mkubwa, Gervas Pokela, alikuwa Mkeru. Hapo ndipo penye kisa chote.

Walunde na Wakeru walikuwa watani. Inasemekana mababu zao walipigana miaka mingi, wakachoka, wakaona heri waendelee kutukanana tu. Tangu hapo mtani akikuchukulia kuku hajaiba. Akikutukania ukoo mzima hajakosa adabu. Atakuja kwenye msiba wako akigaragara uani na kumwiga marehemu alivyokuwa akichechemea, na wafiwa watacheka huku machozi yakiwatoka, na kucheka huko kutawasaidia kufika kesho. Haki yako ni kumfanyia vivyo hivyo. Kitu kimoja tu huruhusiwi: kukasirika. Ukimkasirikia mtani, mwenye makosa ni wewe.

Gervas na Akilimali walikalia dawati moja shuleni. Gervas aliingia nyumbani kwa Akilimali bila hodi, akafunua sufuria, akachagua mnofu, akachukua kikombe chake cha bati kilichobanduka rangi kutoka kwenye msumari wake, akajimiminia chai. Vikombe vya wageni, vile vya maua, hakuwahi kuvigusa. Mama Skola, mke wa Akilimali, alikuwa akimwambia: "Wewe mwizi wa mbuzi, kuna siku utajikuta umejipika mwenyewe." Skola, binti yao wa pekee, alipozaliwa, ni Gervas aliyemnyoa nywele za kwanza, kama desturi inavyomtaka mtani.

Na Gervas huyohuyo, kwa bahati niliyotaka kuiita njema, alikuwa ofisa mwandamizi wa Eneo Namba Tisa, ambalo lilikuwa la zuio.

*

Skola alikuwa mwalimu huko Itambo, juu ya mlima, ambako barabara ilichukuliwa na mvua na haikurudishwa. Mimba yake ilikuwa ya miezi tisa. Mganga wa zahanati alimpima akakuta mtoto amelala mkingamo, akamwambia wazi: huyu hatoki kwa njia ya kawaida, atatolewa kwa kisu, na hapa kisu tulicho nacho ni cha kumenyea viazi. Ufike hospitali ya mjini kabla ya Jumapili.

Jumatano mchana Akilimali alikuwa ameinamia ramani yake. Gervas akaingia, akaenda moja kwa moja jikoni, akarudi na mguu wa kuku.

"Unakwenda wapi, mla vyura?"

"Kumchukua Skola. Ijumaa." Akilimali akamwonyesha kwa ncha ya penseli. "Tazama. Nikizunguka Namba Tisa kwa kaskazini ni saa nne kwenda na kurudi, na tangi langu ni la saa tatu na nusu. Itambo hakuna mafuta. Nikikatisha katikati ya Tisa, kwenda na kurudi ni saa mbili na dakika ishirini. Kwa hiyo yote yanategemea Tisa ikoje."

Gervas alitafuna taratibu. "Ijumaa Tisa ni baridi kama pua ya mbwa. Utaruka saa ngapi?"

"Saa mbili kamili asubuhi."

"Urefu gani?"

"Futi elfu saba na mia tano."

"Utakatisha wapi hasa? Juu ya kile kiwanja cha jeshi?"

Akilimali alifurahi kuulizwa. Ni nadra mtu kuuliza maswali ya maana kuhusu safari zake. Alimwonyesha mstari wote, na dakika atakazokuwa juu ya kila kilima, na Gervas akayaandika nyuma ya pakiti yake ya sigara.

"Nipigie mimi mwenyewe," Gervas alisema. "Usihangaike na wale wa zamu, watakusumbua na makaratasi yao. Huyu ni mwanangu nilimnyoa mimi."

"Si akupe hiyo namba yake ya kibali sasa hivi?" Mama Skola alisema kutoka jikoni.

"Namba hutolewa asubuhi," Akilimali alimjibu. "Ndiyo kanuni."

*

Ijumaa saa moja na nusu alipiga. Alikuwa tayari ameketi ndani ya ndege, karatasi gotini, kalamu mkononi.

"Umeamkaje, mwizi wa mbuzi?"

"Salama, mla vyura. Huko kwenu vidimbwi vimejaa?"

"Vimejaa. Eneo limeamkaje?"

"Baridi. Pita wewe, kamlete mwanangu."

Na simu ikakatika. Akilimali aliitazama kalamu yake. Palikuwa na kimstari kitupu gotini ambapo tarakimu tisa zilipaswa kukaa, na tangu Idara iundwe kimstari hicho hakikuwahi kubaki kitupu. Aliwaza kupiga tena. Lakini kumdai mtani namba ya kibali ni sawa na kumdai mama yako risiti ya uji. Kwenye kimstari akaandika: *Gervas kasema baridi.* Akawasha injini.

Alikuwa ameingia Namba Tisa kwa dakika kumi na moja redio ilipokoroma. Sauti ilikuwa ya mtu anayesoma karatasi.

"Ndege nyeupe, ndege nyeupe. Umevamia eneo moto. Unatakiwa kutua mara moja katika kiwanja kilicho chini yako, nukta."

"Nimeambiwa eneo ni baridi," alisema Akilimali.

Karatasi ilisikika ikigeuzwa. "Lilikuwa baridi. Limepata moto saa mbili na dakika kumi, nukta."

Chini, fataki moja nyekundu ilipaa, na lori lenye bunduki kubwa likaelekeza mtutu wake mawinguni. Akilimali alikuwa mtu wa kanuni. Rubani akiamriwa kutua, anatua. Akatua.

Kitu cha kwanza alichokiona ni jukwaa lenye kitambaa cha rangi za taifa. Kulikuwa na bendi. Kulikuwa na wapiga picha watatu, na mama mmoja akigawa soda. Juu ya jukwaa, kitambaa kirefu kiliandikwa kwa herufi kubwa: MVAMIZI WA KWANZA: ANGA LETU, ZUIO LETU. Akilimali, ambaye ni fundi na anajua vitu vinavyochukua muda, alipita karibu na kitambaa kile akagusa herufi moja kwa kidole. Rangi ilikuwa imekauka. Rangi ya aina ile haikauki chini ya siku mbili.

Akahesabu nyuma siku mbili, akafika Jumatano. Mguu wa kuku, pakiti ya sigara. Akarudi kwenye ndege yake, akashika bawa.

Gervas alikuwa pale, amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka inakata. Alisubiri wapiga picha waende kwenye soda, kisha akasogea.

"Usiniangalie hivyo," alisema kwa sauti ya chini. "Miaka sita Idara haijamkamata mtu. Waziri katuuliza wiki iliyopita, idara ya kukinga anga mbona haijawahi kukinga kitu? Kama mwezi ungeisha hatuna mvamizi, tungeunganishwa na Idara ya Magodoro. Nina miaka minne kustaafu, Akilimali."

"Gervas. Skola yuko kiwanjani Itambo ananisubiri. Amekaa juu ya sanduku."

"Ni siku mbili tu. Waziri akishapigwa picha nakuachia."

"Mtoto amelala mkingamo. Unajua. Nilikwambia mezani kwangu."

Gervas alitazama viatu vyake. "Sasa ningemkamata nani? Mtu mwingine angenishtaki. Wewe ni mtani."

Nasimulia maneno haya kama yalivyosemwa, kwa sababu Gervas hakuyasema kwa ubaya. Aliyasema kama mtu anayekupa sababu nzuri. Na Akilimali, ambaye njia zote za anga alizichora kwa penseli, aliona kwamba njia hii moja hakuichora hata siku moja: kwamba katika watu wote duniani, rafiki yake angemchagua yeye kwa sababu ndiye pekee asiyeruhusiwa kulalamika.

Waziri alifika saa sita, akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," alisema, "anga si hewa. Anga ni kifua cha taifa, na aliyepita juu ya Namba Tisa amelikanyaga taifa kifuani. Kwa miaka sita adui amekuwa akituogopa. Leo, kutokana na juhudi za Idara yetu, adui hakuogopa. Huu ni ushindi." Bendi ikapiga. Akilimali akapigwa picha kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, kisha akaombwa ashuke tena kutoka ndani ya ndege kwa sababu mara ya kwanza hakushuka kwa uadui wa kutosha.

Aliomba simu. Aliambiwa ombi la simu linaidhinishwa na Mkurugenzi, na Mkurugenzi yuko kwenye sherehe za kukamatwa kwake.

*

Jumatatu Baraza la Anga lilikaa chini ya mwenyekiti wake, ofisa mstaafu wa jeshi la majini. Shahidi alikuwa mmoja.

"Ni kweli mshtakiwa alikupigia?" aliuliza mwenyekiti.

"Ni kweli, mheshimiwa."

"Na ulimwambia eneo ni baridi?"

"Nilimwambia. Nilikuwa namtania. Ni mtani wangu tangu darasa la kwanza."

Ukumbi ukacheka. Wajumbe wawili, mmoja Mlunde na mwingine Mkeru, wakageukiana kutaniana kidogo, na mwenyekiti akawaacha, kwani utani ni urithi wa taifa na unalindwa na katiba.

"Mshtakiwa, ulipewa namba ya kibali?"

"Sikupewa."

"Uliidai?"

"Sikuidai."

"Mtu aliyerusha ndege miaka kumi na tisa. Kwa nini?"

Akilimali alimtazama Gervas, na Gervas akatazama dirisha. "Nilimwamini," alisema.

Mwenyekiti alimwomba karani aliandike jibu hilo chini ya kichwa *Uzembe.* Hukumu ilisomwa papo hapo. Kwa kosa la kwanza, kuvamia eneo moto, mshtakiwa ananyang'anywa leseni yake kwa maisha yake yote. Kwa kosa la pili, kuuchukulia utani kuwa ni kweli na hivyo kuudharau urithi wa taifa, ndege yake inatwaliwa na kusimikwa mbele ya lango la Idara, iwe kumbukumbu ya vizazi vijavyo. Gervas alitangazwa Mkurugenzi Msaidizi na kuvishwa nishani ya Jicho la Mwewe. Akilimali akaruhusiwa kwenda nyumbani kwa miguu, maana ndege hakuwa nayo.

*

Skola alisubiri juu ya sanduku Ijumaa yote. Kila aliposikia nyuki alisema, "Huyo baba." Jumamosi asubuhi mumewe na walimu wenzake walimlaza kwenye tela la trekta la shule, wakatandika magodoro, wakaanza kushuka ule mlima usio na barabara. Uchungu ulimkuta kwenye kivuko cha pili. Walifika hospitali Jumapili jioni. Skola alipona. Mtoto alikuwa wa kike, na hakulia.

Mtoto asiyelia hafanyiwi matanga makubwa katika nchi ile. Watu hukaa siku moja, hula uji, huondoka. Siku hiyo uani kwa Akilimali palikuwa na mikeka minne, na Skola amelazwa chumbani akitazama ukuta. Walunde wachache waliokuja walikalia kingo za mikeka. Msiba bila mtani huwa mzito kubeba, na watu walikuwa wakitazama njia bila kumtaja wanayemtazamia.

Akaja. Sijui kama alikuja kwa aibu au kwa desturi. Huenda hata yeye hakujua. Alianza kupiga kelele tangu barabarani, kama mtani anavyotakiwa, akajitupa uani kwenye vumbi na shati lake jeupe.

"Wala vyura nyie, mnakalia mikeka ya nani? Nani kawaruhusu kulia kabla sijafika? Leteni sufuria!"

Mzee mmoja alitabasamu bila kupenda. Mwanamke mmoja akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekuwa akikingoja tangu asubuhi. Kisha wote wakamwangalia Akilimali, maana zamu ilikuwa yake. Alitakiwa kumwita mwizi wa mbuzi. Angemwita hivyo, kila kitu kingekwisha, na desturi ingekubali.

Akilimali alisimama. Aliingia ndani, akatoka na kiti, kile kimoja chenye mto. Akakifuta kwa kitambaa chake cha mfukoni, sehemu ya kukalia na mahali pa kuegemea. Akakiweka mbele ya mtu aliyelala vumbini, mtu waliyezaliwa naye mwaka mmoja na kukaa naye dawati moja, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mkurugenzi," alisema. "Karibu uketi."

Yule mwanamke aliacha kucheka. Gervas alibaki ameegemea kiwiko, vumbi shavuni.

"Akilimali," alisema. "Acha bwana. Nitukane."

"Utachafua nguo zako, mheshimiwa. Karibu kiti."

Hakuna mtu uani pale aliyekuwa amewahi kuona mtani akipewa shikamoo, lakini hakuna aliyehitaji kuelezwa. Gervas alijinyanyua polepole. Alitazama msumari kando ya mlango wa jikoni, ambapo kikombe chake cha bati kilikaa miaka ishirini na sita, na msumari ulikuwa mtupu. Akaketi kwenye kiti kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mama Skola akatoka jikoni na sinia. Juu yake kulikuwa na chai katika kikombe cha maua, kisahani chake, na kijiko. Alipiga goti kidogo kama mtu anavyomhudumia mgeni mkubwa, akampa kwa mikono miwili.

"Marahaba," alisema Gervas hatimaye, kwa kuwa shikamoo haina jibu lingine. Akakishika kile kikombe cha wageni, na hakuna aliyecheka.